Kasigau yatufunza nini: Basari, mkonge na swali la nani ashike mfuko

Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukapita Mariakani, Samburu, Taru na Mackinnon Road, utafika Maungu kabla ya kuingia Voi. Wengi wetu Maungu tunapaona dirishani tu, basi linapita. Lakini hapo mkono wa kushoto kuna njia ya vumbi inayokwenda hadi mlima Kasigau, mlima unaosimama peke yake katikati ya nyika, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600. Chini ya mlima huo kuna vijiji vitano: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Msomaji asichanganye Rukanga na Rukinga. Rukanga ni kijiji cha watu, Rukinga ni ranchi kubwa iliyo jirani.

Nimeichagua Kasigau wiki hii kwa sababu moja. Huku Pwani kila siku tunasikia habari za mashirika yanayotaka kuondoa umaskini kwa elimu na mafunzo. Mengine huja na gari kubwa na bango, yakaondoka na bango lao. Vijiji vya Kasigau vimepitia karibu kila aina ya mradi unaoweza kuutaja, na ndani ya mapito hayo mna somo kwa Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu pia. Somo lenyewe ni kwamba elimu humtoa mtu kwenye umaskini pale ambapo wenyeji ndio wenye kuamua nani asome, asome nini, na pesa zitoke wapi mfadhili akishakwenda zake.

Umaskini wa Kasigau una sababu zake

Mtu asidhani watu wa Kasigau ni maskini kwa uvivu. Kwanza ni mvua. Nyika ya Taita hupata mvua chache na zisizoaminika, na ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita bila mvua ya maana katika sehemu nyingi za nchi kavu za Kenya, ulimaliza mifugo na akiba ya watu. Maji ya kunywa vijijini hutegemea sana chemchemi za mlimani, yanayoshushwa kwa mabomba. Mlima ukikauka, kijiji kinakauka.

Pili ni ardhi. Zaidi ya asilimia 60 ya kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, mbuga iliyotengwa na serikali ya kikoloni mwaka 1948. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni ranchi na mashamba makubwa ya mkonge. Wanakijiji wamebaki na vipande, na vipande hivyo viko kwenye mapito ya ndovu. Mama hulima mahindi na pojo miezi mitatu, kundi la ndovu likapita usiku mmoja, asubuhi hana cha kuvuna.

Tatu ni historia, na hii inatugusa sisi watu wa mwambao moja kwa moja. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani waliovuka mpaka kutoka Tanganyika. Nyumba zao zilichomwa, na jamii nzima ikahamishwa na kupelekwa upande wa Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Waliobaki walirejea kwenye mlima wao katika miaka ya 1930. Jamii iliyokaa uhamishoni karibu miaka ishirini ilirudi nyuma katika kila kitu, skuli ikiwemo. Anayeuliza kwa nini Kasigau imechelewa, jibu lake linaanzia hapo.

Hewa iliyogeuka karo

Jina la Kasigau lilifika duniani kwa njia ambayo wazee wasingeiota. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Wildlife Works, iliyoanzishwa na Mike Korchinsky, iliingia Rukinga na kuanza uhifadhi pamoja na kiwanda cha kushona nguo kilichoajiri wenyeji. Baadaye ukaja mpango wa kaboni. Maelezo yake kwa ufupi ni haya: miti ya nyika inahifadhi kaboni. Ikikatwa na kuchomwa makaa, kaboni hiyo hurudi hewani. Wenye ranchi wakikubali kutokata, kiasi cha kaboni kilichookolewa hupimwa, huthibitishwa na wakaguzi, kisha huuzwa kwa makampuni ya nje yanayotaka kufidia moshi wao.

Mradi wa Kasigau ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kutoa hati za kaboni za msitu chini ya kiwango cha kimataifa cha VCS, mwaka 2011. Eneo lake ni karibu hekta 200,000 za ranchi zinazounganisha Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mapato hugawanywa: wenye ranchi hupata fungu lao, gharama za mradi hulipwa, na jamii hupata fungu lake.

Fungu la jamii ndilo linalotuhusu hapa. Huamuliwa na kamati za kaboni za lokesheni, zenye wajumbe wanaotoka kwa wenyeji wenyewe. Lokesheni ni sita: Kasigau, Marungu, Sagalla, Mwatate, Mwachabo, na Mackinnon Road iliyo upande wa kaunti ya Kwale. Kamati hupokea mapendekezo ya wananchi na kuchagua yapi yatangulie. Mambo mawili yamechukua nafasi kubwa miaka yote: maji na basari za wanafunzi. Madarasa nayo yamejengwa.

Tafakari maana yake. Mtoto wa Rukanga amelipiwa karo kwa sababu jirani yake hakukata mti. Hilo si jambo dogo, na anayelidharau hajawahi kukaa na barua ya karo mkononi bila ya kujua ataanzia wapi. Elimu ya msingi ni bure tangu 2003, na ada ya masomo ya sekondari za serikali iliondolewa 2008, lakini bweni, sare, vitabu na nauli bado viko shingoni mwa mzazi. Kasigau, ambako vijiji viko mbali mbali na wanyama wanapita njiani, bweni si anasa.

Basari peke yake haitoshi

Hata hivyo lazima tuseme ukweli kuhusu basari, na ukweli huu ni wa Pwani nzima. Basari inayogawanywa kidogo kidogo kwa watoto wengi humfurahisha kila mzazi siku ya kutangazwa, na huenda isimmalizishe mtoto hata mmoja. Elfu mbili kwa mtoto anayedaiwa elfu ishirini haimzuii kufukuzwa. Kamati inayoogopa lawama hugawa sawasawa, na inayoogopa Mungu hutazama nani hasa amekwama.

Jambo la pili ni kwamba basari ya sekondari humpeleka mtoto hadi kidato cha nne, kisha humwacha mlangoni. Kati ya wanaofanya mtihani, wachache huenda chuo kikuu. Waliobaki hurudi kijijini wakiwa na cheti na bila ya kazi ya mkono. Swali la nini baada ya skuli si geni Kenya. Ndilo lililozaa politekniki za vijiji mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa juhudi za Baraza la Makanisa, ili kijana aliyekosa nafasi ajifunze uashi, useremala au ushonaji karibu na nyumbani. Chini ya Katiba ya 2010, politekniki za vijiji ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo mwananchi wa Taita Taveta ana haki ya kumuuliza diwani wake: chuo chetu kina walimu wangapi, kina vifaa gani, na bajeti yake mwaka huu ni kiasi gani?

Kijana anayeweza kusonga mbele ana vyuo karibu. Voi kuna Taasisi ya Teknolojia ya Pwani. Kuna pia Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopata hati yake 2016 na kinachofundisha uhandisi wa migodi. Na yule aliyejifunza kazi kwa kumwangalia fundi, bila ya kukanyaga darasa la chuo, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu kwenda la kwanza, akapata cheti kinachotambulika na mwajiri. Vijana wengi hawalijui hili. Kikundi cha kijiji kinachotaka kusaidia kwa gharama ndogo kingeanzia hapo: kuwatafuta mafundi wasio na vyeti, kuwalipia mtihani, basi.

Mkonge, nyuki na mawe

Mafunzo yanayoleta pesa haraka ni yale yanayoanza na kitu ambacho watu tayari wanacho. Akina mama wa Kasigau wana mkonge na wana mikono. Ususi wa vikapu ni ufundi wao wa asili: nyuzi hutolewa kwenye jani, husokotwa kwenye paja, hutiwa rangi, kisha husukwa. Kikapu kimoja kizuri huchukua siku nyingi. Tatizo halikuwa ufundi. Tatizo lilikuwa bei. Dalali alikuja, akachukua kwa bei ya kutupa, akauza kwa watalii mara kadhaa.

Kilichobadilisha hali ni vikundi. Wasusi walipokaa pamoja waliweza kukubaliana ubora, vipimo, rangi na bei. Shirika lisilo la faida la Hadithi, lenye makao Maungu, limekuwa likifanya kazi na vikundi hivyo na kuwatafutia soko la nje ya nchi. Mafunzo yanayohitajika hapo si ya kusuka, maana hayo mama anamfunza bintiye. Ni ya kupima, kuweka hesabu, kujua gharama ya siku zako na kukataa bei mbaya. Na kikundi kikishakuwa na pesa kidogo, huwa pia chama cha kuweka na kukopa. Mama anakopa Januari kulipa karo, analipa vikapu vikiuzwa. Basari imezaliwa humo humo kikundini bila ya fomu wala sahihi ya chifu.

Sagalla, karibu na Voi, kuna mfano mwingine. Watafiti wa shirika la Save the Elephants wakiongozwa na Dkt. Lucy King walishirikiana na wakulima kuzungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akiugusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka, kwani ndovu huogopa nyuki. Mkulima hupata kinga, na akiwa na bahati hupata asali. Lakini mzinga bila ya mafunzo ni sanduku tupu. Lazima mtu ajue kuvuta kundi la nyuki, kulilisha maji wakati wa kiangazi na kuvuna bila ya kuliua.

Tatu ni mawe. Ardhi ya Taita Taveta ina vito. Kito cha kijani kiitwacho tsavorite kimepewa jina kutokana na Tsavo, na aliyekitambulisha duniani ni Campbell Bridges, aliyekigundua kwanza Tanzania 1967, kisha upande wa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vijana wetu wamechimba miaka mingi kwa sururu, wakauza jiwe ghafi bila ya kujua thamani yake. Sheria ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo na inataka asilimia 10 ya mrabaha iende kwa jamii iliyo mahali pa mgodi, asilimia 20 kwa kaunti na 70 kwa serikali kuu. Kijana aliyefunzwa kutambua, kukata na kung'arisha jiwe hudanganywa kwa shida. Asiyefunzwa huuza utajiri kwa bei ya chakula cha mchana.

Tuliwahi kufanya hivi mjini

Wenzetu wa Mombasa wasione haya ni mambo ya Taita tu. Mwaka 1986, baada ya viongozi wa Kiislamu wa Pwani kulalamika kwamba watoto wao wanaingia skuli bila ya matayarisho na kubaki nyuma, mpango wa chekechea za madrasa ulianza Mombasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said ndiye aliyekuwa mwalimu wa walimu. Utaratibu wake unafaa kukumbukwa. Jamii ilitoa mahali na kuchagua kamati. Walimu walikuwa mabinti na akina mama wa mtaa huo huo, wakafunzwa kazini. Vifaa vya kufundishia vilitengenezwa kwa vitu vya hapa hapa: vifuu, mbegu, makuti. Baadaye zikaanzishwa akiba ndogo, pesa zinazowekezwa ili faida yake isaidie skuli kila mwaka. Mpango ukaenea hadi Zanzibar na Uganda.

Hiyo akiba ndiyo tofauti kubwa. Wahenga wetu waliijua kwa jina la wakfu: duka au shamba la minazi linatengwa, mali haiuzwi, matunda yake yanahudumia msikiti, kisima au wanafunzi. Kasigau inategemea soko la kaboni, na soko hilo lina msukosuko. Mwaka 2023, lawama kuhusu hati za kaboni zilipozidi duniani, wanunuzi walirudi nyuma na bei zikashuka. Bei ikishuka London, mfuko wa Rukanga unapungua, na mtoto aliye kidato cha tatu hana habari za London. Kamati iliyotumia kila senti mwaka wa neema haina cha kumpa mwaka wa dhiki. Iliyoweka fungu pembeni inacho.

Pesa bila ya uangalizi

Kuna jambo zito ambalo makala hii isingekuwa ya haki kulipita. Mnamo Novemba 2023 mashirika ya SOMO ya Uholanzi na KHRC ya Kenya yalitoa ripoti iliyoeleza tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake uliofanywa na baadhi ya wafanyakazi wa mradi wa Kasigau. Kampuni ilifanya uchunguzi na kuchukua hatua dhidi ya baadhi ya waliotajwa. Ninalitaja kwa sababu moja: mahali ambapo mwajiri ni mmoja, mfadhili ni huyo huyo na mtoa basari ni huyo huyo, mnyonge huogopa kusema. Mama atashtaki vipi kwa mkono uleule unaomlipia mwanawe karo? Basari isiwe deni la kunyamaza. Jamii inahitaji mlango wa malalamiko ulio nje ya mradi, na wanawake wawe wengi ndani ya kamati, wenye sauti.

Sheria inasemaje

Tangu 2022 kuna Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii. Watu kumi au zaidi wenye lengo moja wanaweza kusajili kikundi chao kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, wakiwa na katiba, viongozi na akaunti. Wanaotaka kuwa shirika kubwa la manufaa ya umma wana Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024 baada ya kukaa kabatini zaidi ya miaka kumi. Na kuhusu kaboni, marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka mradi wa ardhini uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na jamii ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Chifu, diwani na imamu wangefaa kuzijua namba hizi kwa moyo. Mwananchi asiyejua haki yake hupewa fungu kama zawadi, kisha akatakiwa kushukuru.

Maswali ya kumuuliza anayekuja na mradi

Shirika lolote likija kijijini kwenu, liwe la kwetu au la ng'ambo, muulizeni mwenye nalo mambo haya kabla ya kupiga makofi.

Nani ametia sahihi kwenye akaunti, na kati yao ni wangapi wanaoishi hapa? Hesabu zitasomwa wapi, na mara ngapi kwa mwaka? Mnafuata mwanafunzi mpaka amalize, au mnagawa na kupiga picha? Mafunzo mnayoleta yana soko hapa, au mnatufunza kompyuta mahali pasipo na umeme? Nani atafundisha nyinyi mkiondoka? Ni kiasi gani kinawekwa akiba? Mtu akidhulumiwa na mfanyakazi wenu, atapeleka mashtaka kwa nani asiyekuwa nyinyi?

Anayejibu yote bila ya kukasirika, mkaribisheni na mumpe kiti. Anayekasirika ameshajibu.

Nasi tulio nje tuna wajibu wetu. Watoto wa Kasigau waliosomeshwa kwa mfuko wa kijiji sasa wako Voi, Mombasa, Nairobi na Ghuba. Kijiji kilikuwa mdhamini wao. Wakirudisha kidogo kila mwezi, si kwa kiongozi wa siasa bali kwenye akiba ya kikundi kilichosajiliwa, mtoto wa darasa la nane pale Rukanga hatakuwa na haja ya kungoja bei ya kaboni. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha Kasigau kimeshaanza kujaa, na kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba walioshika ukingo wake ni wenyeji wenyewe.